Sufuria ya Nne ya Masta

Hakuwa na kipimo. Hakuwa na tambi za kutosha kukosea mara nyingine, wala tende kavu zaidi ya konzi moja, wala maziwa zaidi ya lita mbili, na muuza maziwa alikwishafunga duka akaenda kusali Idi. Zaidi ya yote, hakuwa na mtu wa kumlaumu. Sufuria zote tatu alikuwa ameziharibu kwa mikono yake mwenyewe.

Mji mkongwe wa Hyderabad ulimwita Masta, kwani alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Hakuna kitu kinachoandikika ubaoni kilichowahi kumshinda. Leo alikuwa ameshindwa na tambi.

"Nasikia harufu!" Qudsia Begum alipaza sauti kutoka chumbani, alikolala tangu avunjike nyonga. "Kimetokea nini tena huko?"

"Maziwa yamekatika, dada."

"Umezitia tende bila kuzichemsha kando?"

"Hukuniambia nizichemshe!"

"Na kula je, nikwambie ufumbue mdomo?"

Masta alimwaga sufuria ya tatu nyuma ya nyumba, ambako paka wa jirani walikuwa wameanza kupanga foleni. Ya kwanza iliungua chini huku yeye akikoroga juu. Ya pili tambi ziligeuka gundi, maana hakuzikaanga kwenye samli. Kila kosa alielezwa baada ya kulifanya.

Ingekuwa ni njaa tu, wangekula mkate. Lakini Munawwar, mtoto pekee wa Qudsia Begum, alikuwa ameandika kutoka Chicago: "Mama, nyote wawili mmezeeka. Nani atamtazama mwenzake? Binamu Farzana atakuja mchana wa Idi. Akikuta jiko limelala, hata shir khurma hamna, nakuja kukuchukua."

Nyumba ile haikuwahi kukosa shir khurma, tambi za maziwa na tende, siku ya Idi, hata mwaka wa mafuriko.

"Chicago theluji inafika dirishani," Qudsia Begum alikuwa amemwambia Masta siku barua ilipofika. "Nitakufa huko sijasikia adhana." Hakulia. Aligeukia ukutani tu, na hilo lilimuuma Masta kuliko kilio.

Sasa wanaume walikuwa wakirudi kutoka uwanja wa sala, kanzu nyeupe, manukato, wakikumbatiana kila penye kona. Masta aliwaona kupitia dirisha la jikoni, shati lake limelowa jasho, masizi hadi kwenye nyusi.

"Tambi kiasi gani?" aliuliza kwa sauti.

"Kiganja."

"Kiganja chako au changu?"

"Cha mama yangu."

"Mama yako yuko kaburini, dada! Nitampimaje?"

"Basi kadiria! Watu wote wanakadiria!"

"Mimi sikadirii! Miaka thelathini na minne nimewachapa watoto kwa kukadiria!"

Kutoka chumbani kikaja kicheko kikavu, na baada yake mguno wa maumivu. Masta aliweka mwiko chini. Alitazama lita mbili za mwisho. Akalitazama seredani, makaa yake mekundu, na mikono yake miwili ya chuma.

Alilinyanyua seredani lilivyo, akaenda nalo chumbani, akalitua kando ya kitanda.

"Mkuu wa hesabu," Qudsia Begum alisema, "imekuchukua asubuhi nzima kugundua kwamba jiko lina mikono?"

"Na wewe imekuchukua asubuhi nzima kunyamaza?"

Lakini hakunyamaza. Alilala ubavu, macho kafumba, akisikiliza samli. "Bado. Bado. Sasa!" Tambi zikaingia, zikageuka rangi ya dhahabu. Alinusa. "Epua." Tende zilichemka kando. Alipotaka kuonyesha kiganja, alikishika kiganja cha Masta, akakikunja vidole hadi kikatosha. "Hivi. Kiganja cha mama ni hiki." Maziwa yalipopanda yeye ndiye aliyesikia kwanza. Lozi, hiliki, sukari. Hakuna kilichokatika. Hakuna kilichoungua.

Farzana alifika saa saba, mwanamke mnene mwenye macho ya mkaguzi, na sahani ya kebabu mkononi. Alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama. Kisha akaketi.

"Masta, chukua kebabu."

"Hali nyama huyo, usimsumbue," alisema Qudsia Begum. "Mpe chai kwenye kikombe chake, kile kinachotundikwa peke yake msumarini."

Farzana alionja shir khurma kijiko kimoja. Masta alijikuta anahesabu: kijiko cha pili, cha tatu, cha nne. Bakuli likaisha.

"Iko nyingine?"

Alikula mabakuli matatu. Mlangoni, akivaa viatu, alisema bila kugeuka, "Mwandikieni wenyewe. Mimi sina la kumshitakia."

Mikono ya Qudsia Begum ilitetemeka siku hizi, kwa hiyo barua zake zote aliandika Masta, kwa Kiurdu kizuri cha watu wa zamani.

"Andika," alisema. "Mwanangu, shir khurma imepikwa nyumbani, na kaka yangu ndiye aliyeipika. Usije kunichukua. Njoo ule."

"Basi?"

"Basi. Ukiongeza chumvi utaharibu na hii."

Masta alikunja karatasi, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba. Nyuma, mahali pa jina la mtumaji, akaandika jina lake polepole kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Narsing Rao, Mtunza Ufunguo wa Hekalu la Kihindu la Hanuman, nyumba ya pili kutoka kwa Qudsia Begum.* Kisha akavuka barabara na kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.