Mikono ya Radjabu

Chuma kilipanda hadi kidevuni mwa Radjabu, kikatetemeka, kikarudi chini puu! Vumbi likatimka. Wenzake wakaguna.

“Si ulipumuzika?” aliuliza Mahamudu, kocha wao.

“Nilipumuzika, Kocha.”

Mahamudu alisaga meno. Jamani, aseme mara ngapi? Tangu mwezi uliopita alikuwa akiwaimbia vijana hawa wa Kasongo wimbo uleule: inua, kaa chini, ngoja pumzi irudi, ndipo uinue tena. Jana aliwapa siku nzima ya kulala, maana misuli hujengeka mtu akiwa ametulia. Wote wamerudi na nguvu mpya. Huyu tu, aliye hodari kuliko wote, ndiye anayekuja na mikono iliyochoka kama ya mtu aliyetoka kulima. Na Jumamosi wanakutana na wachimbaji wa Salamabila, wale waliowashinda mwaka jana mbele ya soko zima. Bila Radjabu, ni aibu tena.

“Leta mikono.”

Radjabu alisita, akainyoosha. Kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na lengelenge bichi.

Mahamudu alilibonyeza akiwa na ganti zake, glavu za ngozi, mkononi. Ganti hizo hakuzivua hata jua liwake namna gani.

“Hii si alama ya chuma. Chuma kinakula chini ya vidole. Unafanyaka nini mchana, mbele ya kuja huku?”

“Hapana kitu, Kocha.”

“Kesho ukikuja tena hivi, ninakutosha mu timu, unabaki inje. Umesikia?”

Radjabu aliitika kwa kichwa tu. Hilo ndilo lililomuudhi Mahamudu zaidi. Ilisemekana watu wa Salamabila wana mtu wao hapa mjini, ana vyuma uani kwake, anawavuta vijana wa wenzake. Je, Radjabu naye amevutwa huko? Msaliti mkubwa wee!

Kesho yake mchana alikwenda mwenyewe nyumbani kwa kijana. Kabla hajabisha hodi alisikia, nyuma ya ua wa matete, pumzi ya mtu anayejikaza na kishindo juu ya kishindo, bila kupumzika hata kidogo. Kumbe anafanya mazoezi mengine hapahapa! Damu ikampanda. Akausukuma mlango kwa bega.

Radjabu alikuwa kifua wazi, jasho likimtiririka, ameshika mchi kwa mikono miwili. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Mkewe, Aurélie, alikuwa amelala mkekani kivulini, mtoto mchanga ubavuni mwake.

“Kocha, tafazali.” Radjabu alinong’ona, macho chini. “Walimupasua tumbo. Docta alisema asiguse muchi mpaka kidonda kipone. Yeye ndiye anapashwa kupumuzika. Usiambie wenzangu, watanicheka mpaka kule Wamaza. Mwanaume anatwanga!”

Mahamudu alichungulia njiani, kulia na kushoto, akaufunga mlango vizuri. Kisha akaanza kuvua ganti, polepole, moja baada ya nyingine. Chini yake, kati ya kidole gumba na cha shahada, palikuwa na lengelenge kama la Radjabu.

“Leta muchi, wewe kaa chini,” alisema. “Lakini tufanye mbio. Sombe ya kwangu bado iko mu kinu, kule kwangu.”