Jaribio Moja

Kompyuta ilihesabu kumbukumbu yake hadi mwisho, ikatoa mlio mmoja mfupi, ikaganda. Kijistari cheupe kilibaki kwenye kioo, hakipepesi.

Hamdani aliizima, akachomoa waya wa printa, akaiwasha upya. Ikaganda pale pale. Akaurudisha waya ule, akachomoa mwingine.

"Fundi, huko kwenu Tanga mashine mnazibembeleza hivyo?" Brigita, karani wa ofisi ya wakimbizi, alimtania. "Sisi watu wa Kalinzi tungeshaitia kofi."

"Ukichomoa viwili kwa pamoja, hujui kipi kilikuwa kibovu."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Hata kifaa kilichokubali hakukiamini mpaka amekijaribu kwenye mashine nyingine.

Kwenye benchi alikaa Verediana, mwanamke aliyekimbia vita upande wa Kongo. Usiku wa kuvuka ziwa watu walisukumana kupanda mitumbwi, naye akapotezana na mwanawe wa miaka mitatu. Sasa alikuwa ameambiwa kwamba mtoto wa umri huo yuko Kigoma, katika kituo cha watoto. Wakimwita Yona, jina walilompa wao, maana la kwake hakulisema.

Mzee aliyemwokota Yona aliandikisha kila kitu kabla hajafa kwa kipindupindu: ufukwe alikomkuta, nguo alizovaa, kitambaa alichofungwa mkononi. Karatasi zililowa paa lilipovuja. Maelezo yalibaki ndani ya kompyuta tu, na Verediana alikuwa ameshatoa ya kwake ili yalinganishwe.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Wiki iliyopita mwanamke mwingine, Honorata, alikuja kumdai mtoto huyo huyo. Naye alitoa maelezo yake, akaambiwa arudi mashine ikipona.

Mkuu wa ofisi, Bwana Noel, aliingia akiwa ameshika funguo. Alisema lori la kupeleka wakimbizi kambini Kasulu linaondoka baada ya adhuhuri, Verediana ni lazima apande, na kwa mvua hizi hajui barabara itapitika tena lini.

"Itafunguka leo?"

"Siwezi kuahidi," alijibu Hamdani. Alikuwa amefungua kifuniko na anasugua meno ya vibao vya kumbukumbu kwa raba ya kufutia.

Verediana alisimama. "Baba, miye nilimuzaa. Musinipeleke bila mutoto wangu."

Noel alimwambia kwa upole kwamba yule mwingine naye alisema hivyo hivyo.

Hamdani aliweka raba mezani. Aliuliza mtoto yuko wapi. Brigita alisema yupo chumba cha nyuma. Dereva wa kituo alimleta asubuhi, akamwacha, akaenda zake bandarini. Hamdani akauliza kama mtoto na huyu mama wameshaonana. Hawakuwa wameonana.

"Basi mleteni," alisema. "Msimwambie kitu. Tuone."

Brigita alimleta, akamwachia mlangoni. Alikuwa mtoto mwembamba, kaptura imemzidi kiuno. Aliwatazama watu wazima wote, mmoja mmoja. Verediana alichuchumaa bila kumwita, mikono magotini.

Mtoto akavuka chumba kizima, akasimama mbele yake, akamshika shavu.

"Mama," alisema.

Brigita aligeukia dirishani akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Noel alibaki ameinamisha kichwa, anazichezea funguo. Mwisho akamtazama Hamdani, kama vile mashine na mtoto vyote vilikuwa kazi ya fundi.

"Unasemaje?"

Hamdani aliitazama kompyuta iliyoachama, nyaya zake zimelala mezani.

"Hata ingefunguka, bosi, ingekuambia nini zaidi ya hapo?"

Noel akatia saini ya kumkabidhi mtoto.

Nje, lori lilikuwa limekwisha kuwashwa, na watu wamekaa juu ya mabegi na magodoro. Verediana alipandishwa kwanza. Alikuwa analia na kucheka, na wanawake wa humo walimsogezea nafasi, wakamuuliza mtoto ni wa ngapi. Alisema ni wa kwanza, na ndiye pekee aliyembakia. Kisha akanyoosha mikono yote miwili chini.

Hamdani alimbeba mtoto ili ampandishe. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Mtoto akamkumbatia shingoni, akalaza shavu kwenye ndevu zake, akamnong'oneza:

"Mama."