Kiboko Asiyekamatika

Kiboko, sultani wa bwawa, aliwakanyaga vyura ovyo hata mahakama ya wanyama wote ikamtuma Kobe akamkamate. Kiboko alicheka mpaka maji yakafurika.

"Wewe, Kobe, unikamate mimi?"

"Siwezi, Mtukufu. Lakini wanyama wa ng'ambo wameapa kukukabidhi kwangu ukikanyaga kwao tu."

Basi Kiboko hakutoka. Binti yake aliolewa bwawa la pili; yeye alisikiliza vigelegele kwa mbali, masikio yamechomoza juu ya maji. Nyasi tamu zilimea ng'ambo, yeye alitafuna magugu huku akitamba, "Sikamatiki!" Miaka ikapita, Kobe yuko palepale ukingoni.

Siku moja Kiboko akatokeza pua.

"Hivi, ningefungwa miaka mingapi?"

"Miwili, Mtukufu. Ungekuwa umeshatoka zamani."