Neno Lililozungushiwa Wino Mwekundu

Meneja alilizungushia neno moja wino mwekundu, akaibwaga barua juu ya mashine ya kuchapia.

"Jisomee mwenyewe, Mama Tafsiri. Mimi miwani nimeisahau nyumbani."

Mwaka wa kumi na moja huu, miwani hiyo ilikuwa haijafika kazini. Barua zote za Kiingereza za wenye kiwanda, waliokaa ng'ambo, zilisomwa na kujibiwa na mama huyu kwenye meza yake ya koridoni, kati ya mlango wa choo na mapipa ya sabuni.

"Mkaguzi wao alipokuja nilimnong'oneza kwamba umezeeka na mdomo wako mrefu," meneja alisema. "Majibu ndiyo hayo. Neno hilo nimelitafuta kwenye kamusi ya binti yangu: kuondoka. Ijumaa iwe mwisho wa kukuona."

Mama alisoma polepole mpaka chini. Wajukuu watatu walikula kwa vidole vyake vile. Hakuinuka.

"Kamusi ya shule ni ya watoto, bosi. *Vacate*. Neno hili lina ukoo. Limetoka Kilatini, na huko kwao lilimaanisha kuwa tupu. Likizo ya Kiingereza, *vacation*, ni ndugu yake wa tumbo moja. Halimwambii mtu aende tu. Linamwambia aache kitu kitupu nyuma yake. Nyumba. Chumba. Kiti chenye cheo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi nitaacha nini kitupu? Korido? Stuli hii hata paka akiikalia inalalamika. Humu ndani mwenye chumba na kiti cha kuzunguka ni nani?"

Meneja alicheka. Kicheko kikaishia njiani.

"Tazama hapa juu, barua inapoanzia," mama alisema, akaweka kidole. "Neno hili si unalijua?"

Alilijua: *Manager*. Lilikuwa limeandikwa kwenye mlango wake kwa rangi ya dhahabu.

"Ina maana ni mimi?"

"Soma."

"Nimekwambia miwani."

"Basi tumwite mhasibu akusomee. Au yule dereva wa lori, naye kasomasoma. Nimwite?"

Meneja aliwatazama wafungaji sabuni kule mbele. Wote hao aliwaambia kwamba alisomea ng'ambo miaka minne, mpaka akakaribia kuusahau ugali wa mama yake. Kuomba kusomewa barua mbele yao ilikuwa kujivua nguo sokoni.

"Usimwite mtu," alisema. Sauti ilikuwa imesinyaa. "Wametaja sababu?"

"Wakubwa hawataji sababu."

"Na wewe roho yako imetulia, eti?"

"Mchimba kisima huingia mwenyewe, baba. Usinitazame mimi."

Ijumaa alasiri meneja alitoka na boksi moja: kalenda, kikombe, picha ya binti yake. Hakumuaga mtu. Funguo aliziacha juu ya mashine ya kuchapia.

Jumatatu asubuhi mama aliibeba mashine yake, akaiingiza kwenye chumba chenye mlango wa maandishi ya dhahabu. Akakalia kiti, akakizungusha mara moja, kisha akachapa kwa Kiingereza kilichonyooka:

"Agizo lenu limetekelezwa. Yule mama wa tafsiri ameondoka tangu Ijumaa."

Chini akasaini: Meneja.