Deki ya Jioni

Wenzake watatu walilibeba gurudumu la Msasa hadi mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni.

Walikuwa wafinyanzi watano katika karakana ile, wakitumia tanuri moja. Karakana yenyewe ilikuwa ya Mama Vyungu, uani kwake, naye ndiye aliyewafundisha wote kazi. Sasa alikaa kwenye kigoda karibu na rafu, akikohoa ndani ya leso.

"Mama," Msasa alisema, "sahani zangu nazisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, kama ulivyonifundisha. Uliniona lini nikisugua kavu?"

"Basi vumbi linatoka wapi?" aliuliza mchora maua, mwanamke aliyefanya kazi naye meza moja kwa miaka sita. "Sisi wengine hata msasa hatuna. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Hamna kwa sababu mnaazima wangu."

Mchora maua aliinama, akashika upande wake wa gurudumu. Mama Vyungu aliwaacha walitoe. Daktari alikuwa amemwonyesha picha ya mapafu yake, yenye madoadoa meupe kama mtama uliomwagika. Ni vumbi la udongo, daktari alisema, lile laini lisiloonekana kwa macho. Likiingia halitoki. Dawa ni moja tu: tafuta linakotoka, ulizime, kabla halijakuzima.

Maneno yale yalimkaa kama tusi. Vumbi, kwake yeye? Udongo wake ulilala umefunikwa matambara mabichi. Sakafu aliipiga deki mwenyewe kila jioni, kwa maji ya ndoo tatu. Ufagio ulikuwa mwiko. Mwanafunzi mpya akija nao, aliuvunja mbele yake. "Ukifagia, udongo unapaa," aliwaambia. "Unauvuta, nao unakuzika kuanzia ndani." Na kila asubuhi aliikuta sakafu inang'aa, haina hata alama ya tope lililokauka, akajisifu mbele ya wanafunzi: "Deki yangu mimi, hata inzi atateleza."

Kwa hiyo Msasa akaondoka.

Jioni ile mume wa Mama Vyungu alimshika mkewe bega. Alikuwa mwoka mikate, mtu mpole, mchana analala na mambo ya udongo anawaachia wenyewe. "Usijilaumu," alisema. "Nisingekubali mtu akuue taratibu hivi, nami naangalia."

Miaka yote ya ndoa yao, mume huyo aliamka saa kumi alfajiri, akaoka, akatoa mikate, na ilipogonga saa kumi na mbili alimletea mkewe chai kitandani, nyusi zake nyeupe pe. Mama Vyungu alizipangusa kwa kidole gumba.

"Mzee wangu, umeota mvi usiku mmoja."

"Mapenzi yanazeesha," alijibu kila siku, na kila siku walicheka.

Siku hizi kicheko kilimgeukia kikohozi.

Msasa hakupata tanuri jingine. Mchora maua alikutana naye kwenye jengo linalojengwa, anabeba matofali, ile mikono iliyokuwa ikifinyanga vikombe vyembamba kama ganda la yai imepasuka yote. Alirudi karakanani akachora maua hadi adhuhuri.

"Msasa alikusalimu," alimwambia Mama Vyungu hatimaye. "Alisema anakuombea upone."

Baada ya miezi mitatu daktari alipiga picha nyingine. Madoa yalikuwa yamekutana.

"Bado unalivuta," alisema.

"Haiwezekani. Aliyelileta tumemtoa."

Daktari aliirudisha picha kwenye bahasha. "Basi si yeye."

Jioni hiyo Mama Vyungu alipiga deki kwa magoti, akipumzika mara tatu kabla ya kufika mlangoni. Alichungulia chini ya kila rafu, akapitisha kidole kwenye kila ufa. Hakuona kitu. Kitandani alimwambia mumewe, "Kesho namfuata Msasa. Nitampigia magoti mbele ya wenzake."

"Pata usingizi kwanza, mama," mumewe alisema, akamvutia shuka hadi mabegani.

Kikohozi kilimwamsha kabla ya saa kumi na mbili. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi, kama kawaida. Lakini uani, dirisha la karakana lilikuwa na mwanga. Kumbe ni mtu, na anakuja wakati wamelala. Alivua ndala, akavuka ua pekupeku, akausukuma mlango.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Vumbi lilisimama chini ya taa kama ukungu, na ndani yake alikuwamo mumewe, kitambaa puani, nyusi nyeupe pe, akipitisha ufagio chini ya rafu polepole asije akagusa chungu.

"Ah, leo umenifuma," alisema, akicheka kwa haya. "Miaka kumi na mmoja unasifia deki yako, na kila alfajiri naikuta imekauka, imeacha tope jeupe sakafu nzima." Alishusha kitambaa. "Tangu daktari aliposema ni vumbi, nafagia mara mbili. Ingia, mke wangu, usisimame kwenye baridi. Pameshakuwa safi."