Nikikutuma Ukakosa, Nifute

"Usimtilie kitu," Mama alinong'ona nyuma ya pazia. "Haki ya Mungu, Chiriku, ukimtilia kitu nakukana."

"Simtilii hata sukari, Mama. Wewe pika tu."

Chiriku akatoka mbele anatabasamu mpaka magego yanaonekana, aproni imepigwa pasi. Maana huyo hapo mlangoni! Ulimi wa Dhahabu mwenyewe, miwani kichwani, simu kainyoosha mbele kama tochi.

Kama humjui, basi huna simu. Kila mji anaoingia, anawaonyesha wageni wapi pa kunywa espreso ya maana, na watu wanamfuata kama vifaranga. Kauli yake ni moja: "Nikikutuma ukakosa kahawa, nifute!" Na hajawahi kufutwa. Nadhani hata akipiga mswaki anajisifia hilo.

Mara ya mwisho kupita mji huu aliingia kwenye kijiduka cha Mama, pale karibu na stendi. Chiriku alikuwa nyumbani likizo ya chuo, akaona kila kitu. Kikombe kililetwa, kikapigwa picha, kikabaki kimejaa. Jamani, hata mdomo hakugusa! Akaigeuzia simu uso: "Tope, wapendwa. Tena tope la mvua ya juzi."

Wateja wakayeyuka mmoja mmoja, duka likafa. Siku hizi Mama anashonea watu vifungo vya sare, na mashine yake ya kahawa ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa shuka kama maiti. Mpaka leo asubuhi.

Chiriku ndiye aliyemwandikia Ulimi ujumbe: *Kaka, kuna mahali wenyeji wanakuficha.* Weee! Mtu mwenye sifa kama yule umwambie anafichwa kitu? Alikuja mbio.

"Karibu sana, bosi." Mjomba, ndugu yake Mama wa tumbo moja, akamvutia kiti. Koti jeupe, taulo begani, adabu tupu.

Ulimi akakaa, kiti kikamzungusha nusu duara. Akacheka kama mtoto. "Wapendwa, mnaona? Viti vinazunguka! Na vioo ukuta mzima, unajiona unavyokunywa! Huu ndio ubunifu!" Akanusa. "Halafu kuna harufu fulani... kama spiriti."

"Usafi, bosi," Mjomba alisema, huku anasukuma kitu cheusi chini ya kabati kwa ncha ya kiatu. "Hatutaki mchezo na usafi."

Mlango ukafunguka kidogo. Mzee mmoja mwenye ndevu za kutosha kujaza mto akachungulia. "Vipi, leo hamfanyi?"

"Baadaye kidogo, mzee wangu. Subiri hapo ng'ambo."

Mzee akaondoka anajikuna kidevu.

"Wenyeji wanapigania nafasi!" Ulimi aliiambia simu. "Mnajua, mji huu haukuwa na kahawa. Zamani kulikuwa na kijiduka kule stendi, mama fulani hivi, tope tupu. Nashukuru niliwaokoa."

Nyuma ya pazia kijiko kikaanguka.

Tabasamu la Chiriku halikutikisika. Alikwenda, akarudi na kikombe kidogo, cheusi chini, povu la dhahabu juu. Ulimi akakipiga picha. Akakipiga tena kwa ubavu. Kisha akakisogeza pembeni, kama kawaida yake.

"Kunywa, kaka yangu," Chiriku alisema, akisimama hapohapo, mikono kiunoni. "Ya kwetu hainywewi kwa macho."

Simu bado iko laivu. Angefanyaje? Akanywa.

Akanyamaza. Ulimi wa Dhahabu, ananyamaza! Akanywa tena, taratibu, macho kafumba, simu imemlegea mkononi inaonyesha dari tu. Alipokitua kikombe, kilikuwa kitupu mpaka tone la mwisho.

"Wapendwa," alisema, "nimezunguka miji yote mnayoijua. Hakuna. Hii ni namba moja, nimemaliza. Kesho asubuhi nyote hapa! Nakuja na wadhamini wangu wote, na tunarusha laivu tena. Mlango huuhuu, msipotee. Nikikutuma ukakosa kahawa..."

"Ufutwe!" Chiriku akamalizia, na wote wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Ulimi.

Alipokata kona, Mama akatoka nyuma ya pazia, macho yamelowa.

"Kainywa yote."

"Yote, Mama."

"Kahawa ileile. Mashine ileile." Akajifuta kwa upindo wa gauni. "Basi, mwanangu, mimi nimeridhika. Mkimbilie umwambie ni ya yule mama wa stendi, tuyamalize."

Chiriku alishachomoa mashine kwenye umeme, anaifunga shuka lake. Nje, Mjomba alikuwa juu ya stuli anashusha kitambaa chenye neno KAHAWA walichokitundika alfajiri. Akakikunja, akakiweka kwapani, akampigia mluzi yule mzee wa ng'ambo. Mzee akaingia, akajitupa kwenye kiti cha Ulimi, akainua kidevu. Mjomba akakung'uta shuka jeupe, akamfunga shingoni, akawasha mashine yake mwenyewe, ile ya kunyolea.

"Sasa we mtoto," alipaza sauti kuushinda mngurumo wa mashine, "kesho umati wote ule ukijaa hapa unataka kahawa, mimi nifanyeje?"

"Wanyoe, Mjomba," alisema Chiriku. "Ila yeye, mnyoe bila maji."