Mashua Iliyojengwa Uani

Tunu aliijenga mashua yake uani, mbali na maji, ndogo ya kuvutwa kwa trela, yenye chumba cha vitanda viwili. Leo, ziwani, yeye na mumewe Sefu waliusimamisha mlingoti, wakapandisha tanga. Upepo ukaanza kuwasukuma ubavuubavu kuelekea mawe.

"Turudi, Mama Zena," Sefu alisema, ameng'ang'ania ukingo.

"Subiri. Sijashusha ubao."

Tunu alilegeza kamba. Ubao mzito ukateremka kupitia tumbo la mashua hadi majini, ukaizuia isisukumwe tena ubavu. Mashua ikainama kidogo, kisha ikachomoka mbele, ikiyaacha mawe nyuma. Tunu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Sefu aliachia ukingo taratibu. "Kwani lazima tulale nyumbani?"

Tunu akaielekeza mashua kwenye kisiwa kilichokuwa kikijitokeza ukunguni.